Fundi wa Miguu

Mpira ukitobolewa kwa nondo ya moto hutoa moshi ambao watu wengi huukimbia. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la gereji moja hapa Morogoro nikisubiri gari langu, na pembeni yetu fundi alikuwa anatoboa kipande cha tairi kwa namna hiyo. Wateja wenzangu walifunika pua, wengine wakahamia nje. Mimi nilisogeza benchi karibu. Moshi ule ulipochanganyika na mafuta ya taa yaliyomwagwa kwenye nati zenye kutu, nilijikuta niko Kanga, kisiwani Mafia, nina miaka saba, nimelala chali mchangani chini ya gari letu. Grisi imeniingia mpaka kwenye nywele, na Mama, aliyelala kando yangu, anahesabu kwa sauti: moja, mbili, sukuma!

Walio rika langu, waliokuzwa na wazazi wa serikalini, wanajua ilivyokuwa. Barua ya uhamisho inafika, vitanda vinafungwa kamba, na mtoto anajikuta mahali ambapo hata maji ya kunywa yana ladha nyingine. Sisi tulitoka Mbinga, kwenye milima na baridi na kahawa, tukashushwa Kilindoni nikiwa bado natapika kwa sababu ya boti, kisha tukapelekwa kaskazini mpaka Kanga. Baba alikuwa mwalimu. Mama alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilisafiri imevikwa blanketi, na tulipofika aliifungua yote, akaifuta unyevu wa safari, akaipaka mafuta na kuifunga tena kabla hata hajatoa sufuria sandukuni. Alifanya hivyo kila mwezi kwa miaka yote tuliyokaa kule. Hewa ya chumvi ilikula bawaba za milango, ikala mabati, ikala misumari ndani ya mbao, lakini cherehani ya Mama haikuipata.

Gari Baba alilinunua kwa ofisa mmoja aliyekuwa anahama. Lilikuwa refu, la kijani, la kizazi cha zamani, lenye tairi la akiba mgongoni, na kwa nyuma lilibebwa na springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kwa wakati ule ndilo gari pekee pale kijijini lililokuwa linatembea. Liliitwa gari la Mwalimu, ila lilikuwa la watu wote: lilibeba nazi, lilibeba wagonjwa, lilibeba maharusi. Siku moja Baba alilipakia saruji ya vyoo vya shule mpaka milango ikakataa kufunga. Nilikuwa uani niliposikia mlio mmoja mkavu kutoka barabarani. Jioni ile gari lilifika nyumbani limeinamia kulia, kama mtu aliyebeba ndoo nzito kwa mkono mmoja.

Kesho yake Baba alipanda pikipiki kwenda Kilindoni kutafuta fundi. Karibu na Kirongwe kuna mahali mchanga ulikuwa mwingi. Pikipiki iliteleza, ikamlalia, mguu wake wa kulia ukavunjika chini ya goti.

Alifungwa plasta hospitalini, akarudishwa kwa basi dogo lililojaa, mguu umekunjwa katikati ya vikapu na magoti ya abiria. Njia nzima mifupa ilicheza. Ikabidi arudishwe tena hospitalini, mguu uvutwe upya, na mara hii daktari alimwita Mama pembeni. Nilimsikia Mama akimweleza jirani yetu Bi Mwajuma, "Amesema akae wiki sita, halafu apelekwe, lakini apelekwe amenyoosha mguu. Tukimkunja tena vile, utapona umepinda, na atachechemea maisha yake yote."

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu palikuwa na neno moja tu. Mguu unaumaje leo? Mguu umelalaje? Vero, usipite huko, utagonga mguu. Nilianza kuuona mguu wa Baba kama mgeni anayekaa sebuleni, ambaye kila mtu anamwogopa.

Ndipo akaja Fundi Shaweji. Mama ndiye aliyempelekea ujumbe Kilindoni. Alikuwa mrefu, mkavu, na mfuko wa turubai begani uliokuwa ukilia chuma kila akipiga hatua. Nilikuwa peke yangu barazani.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mama yupo?"

"Yupo jikoni. Wewe ni nani?"

"Mwambie fundi wa miguu amefika."

Hakuwa ananitania. Wenye magari wanajua kwamba anayeshughulika na springi, shokapu na bushi huitwa hivyo hivyo, fundi wa miguu. Mimi ningejulia wapi? Nilichoona ni kwamba mguu wa Baba umetafutiwa fundi. Kilichonishangaza ni kwamba amekuja na spana.

Mama alinituma nikaoshe vyombo nyuma ya jiko. Gari lilikuwa limeegeshwa upande wa pili wa ua wa makuti, kwa hiyo sikuona kitu, ila nilisikia kila neno.

"Mama Vero, nisikufiche," alisema Fundi Shaweji. "Huu mguu wa kulia umekwisha."

"Umekwisha kabisa?"

"Umeoza mpaka ndani. Nimejaribu kuugusa, unamong'onyoka. Hapa hapana kufungua. Hapa ni kukata tu."

Mama aliuliza, "Utakata na nini?"

"Msumeno ninao. Leo jua limeshaondoka, nikianza nitauacha katikati. Keshokutwa nakuja asubuhi, nakata, tunaona kilichobaki."

"Sawa," alisema Mama, na sauti yake ikashuka. "Lakini usimwambie Mwalimu kwanza. Atasikitika. Ngoja nimwambie mwenyewe, taratibu."

Sahani ilinitoka mkononi ikaangukia mchangani. Nikaiokota nikaiosha tena, nikaiosha mara ya tatu. Kupitia dirishani nilimsikia Baba akipiga mluzi kitandani. Hajui, niliwaza. Wameshapanga, naye anapiga mluzi.

Fundi aliacha mfuko wake barazani ili asiubebe kwenda na kurudi. Adhuhuri ya kesho yake, Mama alipokwenda kisimani, niliufungua. Msumeno ulikuwa chini kabisa: mwembamba, mpini mwekundu, meno madogo yaliyopangana sawasawa. Nilipitisha kidole juu yake, nikaona damu, nikajua sijakosea.

Nikafikiria niuweke wapi. Kisimani ungevuliwa. Juu ya dari Mama alikuwa anaweka vitambaa vyake vya kushonea, angeuona. Nikakumbuka pikapu ya Bi Mwajuma. Ilikuwa nyuma ya nyumba yake, imezama mchangani mpaka karibu na ekseli, imeotewa na mimea ya kutambaa. Mumewe alikuwa akibebea mbata enzi za uhai wake, na alipofariki hakuna aliyeiwasha tena. Kuku wakaifanya nyumba yao. Humo ndani, nyuma ya kiti cha dereva, alikuwa ameatamia tetea mwekundu mkali ambaye hata Bi Mwajuma mwenyewe alimletea maji kwa kumsogezea kopo kwa ufito. Niliusukuma msumeno chini ya majani makavu aliyokuwa ameyalalia. Alinidonoa mara mbili mkononi. Sikulia.

Fundi Shaweji alipokuja alimwaga mfuko wote kwenye mkeka. Akahesabu vifaa vyake. Akavihesabu tena.

"Msumeno wangu hauko."

Mama alitafuta barazani, uvunguni, jikoni, mpaka ndani ya droo ya cherehani. Kisha akaja kwangu, akachuchumaa, macho yake yakawa sawa na yangu. "Vero, umeuona msumeno wa fundi?"

"Hapana, Mama."

Nilikuwa nimewahi kumdanganya kuhusu sukari na kuhusu kunawa miguu. Huu ulikuwa uongo wa kwanza nilioutazama usoni.

Fundi alikusanya vitu vyake polepole. Hakupiga kelele, na hilo lilimwumiza Mama zaidi. "Mimi natoka Kilindoni mpaka huku kwa heshima ya Mwalimu," alisema. "Sikuja kuibiwa." Akafika barabarani, akageuka. "Na gari lenyewe, Mama Vero, limeshachoka. Wauzieni watu wa vyuma chakavu, mpumzike." Akaondoka. Tulipompelekea ujumbe tena alijibu kwamba ana kazi nyingi.

Siku ile nilikula wali mara mbili. Nilimtazama Baba amekaa kwenye kiti chake, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, nikajiambia: huo uko pale kwa sababu yangu. Sijui kama nimewahi tena kujisikia mkubwa vile.

Furaha hiyo ilinywea kesho yake. Mama alisimama mbele ya kalenda ya ukutani akaweka kidole juu ya tarehe ya hospitali, akairudisha nyuma siku moja moja. Tisa.

"Nitakwenda kwa basi," alisema Baba. "Nitaomba wanipe kiti cha mbele."

"Kiti cha mbele mguu haunyooki. Huendi kwa basi."

"Basi gari atalitengeneza nani?"

"Mimi."

Baba alicheka, si kwa ubaya. "Mama Vero, gari si cherehani."

"Vyote ni chuma. Vyote vinafunguliwa kwa nati na vinafungwa kwa nati. Miaka yote hii umeona nimebakiza nati mezani?"

Baba alifikiria kwa haki, maana alikuwa mtu wa haki. Hakuwahi kuona.

Mama alivaa suruali ya Baba, akaifunga kiunoni kwa kipande cha khanga. Pale Kanga hakuna aliyewahi kumwona mke wa mwalimu amevaa suruali, na kufikia saa nne asubuhi tulikuwa na watazamaji. Akapiga jeki, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, akapanga magogo mawili ya mnazi chini ya chesisi, akalisukuma gari kwa bega ili aone kama litatikisika. Halikutikisika. Ndipo akaingia chini. Akasugua nati zote kwa brashi ya waya, akazimwagia mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili chafu. Akatoka, akanawa, akaenda kushona.

"Umeshamaliza?" aliuliza Baba kutoka barazani.

"Nimeanza. Kutu haitaki haraka."

Siku tatu alizimwagia asubuhi na jioni. Mimi bado niliamini kwamba kazi ya gari na kazi ya mguu ni vitu viwili, kwa hiyo nilikuwa mtulivu. Siku ya nne alivalisha spana kwenye nati ya kwanza, akaiongezea bomba refu ili apate nguvu, akaning'inia. Nati ikatoa mlio kama wa paka, ikazunguka. Baba akapiga makofi. Nati saba zilifuata. Iliyobaki ilikuwa pini moja nene inayopita kwenye sikio la springi, yaani pale ncha ya chuma inapokunjwa kuwa tundu. Hiyo iligoma. Mama aliipiga kwa nyundo mpaka mikono ikatetemeka.

"Hii inataka msumeno," alisema akijifuta uso, na mimi nikauficha mgongoni mkono wangu wenye mikwaruzo.

Aliiacha akaenda kwa Bi Mwajuma, maana springi yenyewe ilikuwa imevunjika vipande viwili na ilibidi ipatikane nyingine. Nilimfuata. Nilipoona anaelekea nyuma ya nyumba, kwenye pikapu, nilianza kubaki nyuma.

"Pikapu hii na gari letu ni mtu na ndugu yake," alikuwa akimweleza Bi Mwajuma. "Naomba springi yake moja ya nyuma."

"Chukua zote," alisema Bi Mwajuma. "Marehemu alikuwa akiipaka oili chafu huko chini kama mtu anavyojipaka mafuta. Nati zake zitafunguka. Lakini usinisumbulie tetea wangu, leo kesho anatotoa."

Mama alitoa shingoni tepu yake ya kupimia nguo. Alipima upana wa springi, akapima urefu, akaandika kiganjani kwa kalamu. Vipimo vilikubali. Bi Mwajuma alileta jembe, wakachimba kwa zamu mpaka ekseli ikaonekana, na kweli, nati za marehemu zilifunguka kama za jana. Springi ilipodondoka pikapu ilitikisika, na ndani yake tetea akaruka juu akipiga kelele kijiji kizima kisikie. Bi Mwajuma alichungulia isije yai likawa limevunjika.

Akatoka ameshika mpini mwekundu.

"Mama Vero," alisema, "kuku wangu anaatamia msumeno."

Mama hakumtazama kuku. Alinitazama mimi. Nadhani mikwaruzo mkononi mwangu ndiyo iliyomwambia. Nikaanza kulia kabla hajauliza, nikasema yote kwa mkupuo: kwamba nilisikia, kwamba najua mguu wa Baba umeoza, kwamba fundi wa miguu alitaka kuukata na yeye akakubali, tena akasema Baba asiambiwe, na kwamba sitautoa msumeno hata akinichapa.

Mama alikaa chini pale pale, kwenye shimo la mchanga. Nilidhani amekasirika. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na Bi Mwajuma, alipoelewa, alilazimika kuushika mlango wa pikapu asianguke.

Halafu Mama akanivuta. Hakunichapa. Alinishika mkono mpaka kwenye gari letu, akanilaza kando yake chini, akaweka kiganja changu juu ya ile springi iliyovunjika. Ilikuwa ya moto kwa jua na ilinichafua kwa unga mwekundu wa kutu.

"Huu ndio mguu wa kulia," alisema. "Ndio uliooza. Baba yako mguu wake ni mzima, unajiunga. Ila huu usipopona, ule utapona vibaya. Umeelewa?"

Nilielewa. Nilielewa pia, palepale, kwamba nilipouficha msumeno nilikuwa nimemfukuza mtu pekee aliyeweza kutusaidia.

"Mama, nipe mimi nikate."

Alinipa ncha moja ya msumeno. Tulikata tangu adhana ya adhuhuri mpaka karibu na alasiri, yeye akivuta upande wake na mimi upande wangu, unga wa chuma ukituangukia shingoni. Baba alikuwa ameshaelezwa. Kila baada ya muda alikuwa akigonga plasta yake kwa bakora na kuita, "Vero! Huu bado upo!" Pini ilipokatika ilianguka mchangani bila mlio wowote, kitu kidogo kama kidole gumba. Nilipiga kelele mpaka wanafunzi wa Baba waliokuwa wanapita wakaja mbio. Ile nusu ya pili ilitoka kwa nyundo tatu.

Siku iliyofuata tulitengeneza bushi. Zile za zamani, mipira inayokaa kwenye sikio la springi ili chuma kisisage chuma, zilikuwa zimekuwa unga. Mama alichukua tairi kuukuu, akachora miduara kwa chaki ya kushonea, akaikata kwa kisu alichokuwa anakichovya kwenye maji ya sabuni. Nondo ikawekwa kwenye moto wa vifuu, akatoboa katikati, moshi mweusi ukatupanda usoni. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya pili ikapasuka. Ya tatu aliipaka sabuni, akaiweka kwenye sikio, tukaisukuma kwa jeki. Moja, mbili, sukuma! Ikaingia. Tulikata nyingine kwa kipimo chake. Mama alisema ni sawa na kushona mkono wa gauni: ukishapata mmoja, wa pili unakufuata.

Springi ya pikapu ilikuwa na vyuma saba, yetu ilikuwa na sita. Mama akaona saba ni nguvu zaidi, akaifunga yote. Tulipotoa magogo na kuteremsha jeki, watazamaji wote walisogea karibu. Gari lilishuka, likatulia, likainamia kushoto.

"Limepona mguu mmoja," Baba alisema, "sasa linachechemea wa pili."

Watu walicheka. Mama hakucheka. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Alikaa juu ya gogo, akalitazama gari kwa jicho lile alilotumia kutazama nguo iliyokaa vibaya begani kwa mteja. Kisha akapiga jeki upya, akafungua kila kitu, akachomoa chuma kimoja, akafunga tena. Jua lilikuwa bado juu gari lilipokaa chini mara ya pili. Lilisimama sawa. Baba aliomba aletewe kikombe cha maji, kikawekwa juu ya boneti, na kila mtu akaja kuyaangalia maji kama yanaegemea upande. Hayakuegemea.

Kesho yake asubuhi pikipiki ilisimama barazani. Mama alikuwa amempelekea Fundi Shaweji habari kwamba msumeno wake umepatikana. Nilikuwa nimeambiwa la kufanya. Nilitoka nao, nimeushika kwa mikono miwili.

"Fundi, shikamoo. Ni mimi niliyeuficha. Nisamehe."

"Marahaba. Uliuficha kwa nini?"

Mama alimweleza. Fundi alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Alipomaliza akanitazama vizuri, akasema, "Ningekuwa wewe, ningeutupa baharini." Kisha, "Mama Vero, nami unisamehe. Niliongea vibaya." Akavua kofia, akaingia chini ya gari.

Alikaa huko muda mrefu. Tuliona viatu vyake tu. Baba alikuwa ameegemea mbele kwenye kiti chake mpaka nikaogopa ataanguka.

"Nani kakata bushi hizi?"

"Mimi na Vero," Mama alijibu.

"Na pini?"

"Mimi na Vero."

Akatoka, akajikung'uta mchanga. "Kosa ni moja. Umekaza nati gurudumu likiwa linaning'inia. Mpira umeshajipinda, wiki mbili utachanika. Zilegeze, acha gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze." Akafungua mfuko, akatoa shokapu mbili zilizotumika. "Hizi zimetoka kwenye gari jingine, bado zina pumzi. Zenu zimekufa."

Mama alimpa spana. Alikataa kuipokea.

"Funga mwenyewe. Mimi nitakaa na Mwalimu, ninywe chai."

Siku ya tisa tulimlaza Baba kiti cha nyuma, mgongo umeegemea mlango, mguu umenyooka wote juu ya mito miwili. Mama alitoa leseni yake ndani ya Biblia. Alikuwa ameipata Mbinga kabla sijazaliwa, alipokuwa akiendesha pikapu ya ushirika wa kahawa, na tangu aolewe dereva alikuwa Baba. Bi Mwajuma aliketi mbele, nami katikati yao.

Sijasahau barabara ile. Kila shimo lililokuwa likiturusha mpaka kichwa kigonge dari, sasa gari lilishuka ndani yake, likapumua, likatoka. Pale Kirongwe kwenye mchanga Mama alipunguza mwendo, akauma mdomo, akaingiza gia nzito. Gari liliyumba kidogo, likajishika, likavuka. "Alhamdulillahi," alisema Bi Mwajuma. Nyuma Baba alisema kwa sauti ndogo, "Sijausikia." Alikuwa anaongelea mguu.

Hospitalini plasta iliondolewa. Mguu uliotoka humo ulikuwa mwembamba, mweupe kama wa mtu mwingine, na ulikuwa umenyooka. Daktari aliuliza tumemleta na nini. Baba, aliyekuwa ameshika magongo kwa mara ya kwanza, alijibu kabla ya Mama. "Na gari alilotengeneza mke wangu," alisema, akasimama.

Tuliporudi Kanga alasiri, habari ilikuwa imetutangulia, sijui kwa njia gani. Watu walikuwa wametoka barazani. Wanafunzi walikimbia nyuma yetu katika vumbi wakiita, "Mwalimu! Mwalimu!" na wanawake, walipoona nani ameshika usukani, wakapiga vigelegele. Mama alitazama mbele tu, uso wake mkavu, mikono yote miwili kwenye usukani. Tukafika nyumbani. Hakupunguza mwendo.

"Mama Vero," alisema Baba kutoka nyuma, "umepita nyumba."

"Najua," alisema Mama, akabonyeza honi, akakizunguka kijiji chote mara ya pili.